Faili za siri na wingu: maswali tunayoulizwa hapa ofisini kila wiki

Ofisi yetu ni ndogo, iko Sinza. Tunatengeneza kompyuta, tunaprinti, tunaskani. Mtu anaingia na bahasha ya kaki, anaimwaga mezani: hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, kadi ya gari, majibu ya hospitali, mkataba wa kazi, vyeti vya watoto kutoka RITA. Anasema, "Naomba uniwekee hivi kwenye wingu visipotee." Maswali yanayofuata ni yaleyale, basi tumeyaandika hapa pamoja na majibu yetu, ili foleni ipungue.

Faili zikiwa "kwenye wingu" ziko wapi hasa?

Ziko chini, bwana. Ziko kwenye diski za kampuni fulani, ndani ya jengo lenye viyoyozi na jenereta, mara nyingi Ulaya au Marekani. Zikitoka Dar zinapita kwenye mikonga (nyaya za intaneti) iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, kama SEACOM iliyoanza kazi 2009 na EASSy ya 2010. Neno wingu limewafanya wengi wadhani kuna kitu kinaelea. Ni kompyuta ya watu, wewe umepewa kona.

Nitajieni moja tu: wingu lipi ni salama kuliko yote?

Huwa tunajibu kwa kuuliza: ufunguo unataka uwe kwa nani?

Chukua mfano wa chumba cha kupanga. Kuna mwenye nyumba anayebaki na ufunguo wa akiba. Ukipoteza wako saa nne usiku, unamgongea, anakuja na kanga yake kiunoni anakufungulia. Raha. Lakini maana yake siku yoyote anaweza kuingia ukiwa kazini, na akija mtu mwenye barua ya mahakama, atafunguliwa. Kuna nyumba nyingine ambako kitasa umenunua mwenyewe na ufunguo ni mmoja, uko mfukoni kwako. Hapo hakuna wa kukuchungulia. Ila ukiupoteza, kagonge usiku kucha, mwenye nyumba atakuambia pole.

Google Drive, OneDrive na Dropbox, kwa akaunti hizi za kawaida za watu binafsi, ni nyumba ya aina ya kwanza. Faili zinafumbwa (zinageuzwa kitu kisichosomeka bila ufunguo), tena vizuri, lakini ufunguo wa kufumbulia uko kwa kampuni. Proton Drive, MEGA, Tresorit na Sync.com ni aina ya pili: faili inafumbwa kwenye simu au kompyuta yako kabla haijaondoka, na kinachofika kwao ni vurugu ya herufi wasiyoweza kuisoma. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hili la hesabu hata mwerevu haligangui, ikiwa neno lako la siri ni gumu.

iCloud iko katikati. Kwa kawaida Apple wanabaki na ufunguo wa picha zako, nakala ya simu na iCloud Drive. Tangu Desemba 2022 kuna mpangilio unaoitwa Advanced Data Protection, ukiuwasha ufunguo wa vitu hivyo unabaki kwenye vifaa vyako peke yake. Barua pepe, kalenda na majina ya simu havimo. Haujiwashi wenyewe; lazima uufuate kwenye mipangilio.

Mbona wote wanaandika "AES-256, usalama wa kijeshi"?

Kwa sababu ni kweli na haina maana kubwa. AES-256 ndiyo kufuli inayotumika karibu kila mahali. Kufuli ni moja. Cha kuuliza ni nani kaushika ufunguo. Tangazo likisifia kufuli kwa aya tatu bila kutaja ufunguo, jua ufunguo uko kwao.

Basi Google Drive niliyonayo tayari niiache?

Usiiache. Kwa picha za harusi, notisi za chuo, ripoti za kazini, inatosha na inazidi. Wana mafundi wanaolinda zile kompyuta usiku na mchana kuliko mimi ninavyolinda hii ofisi. Wizi mwingi tunaouona hauvunji mlango wa kampuni, unapita kwenye mlango wa mteja. Mwaka 2014 picha za siri za watu maarufu wa Marekani zilipovuja kutoka iCloud, wezi hawakuibomoa Apple. Walituma barua pepe za uongo, wenyewe wakajaza maneno yao ya siri.

Lakini si kwamba kampuni haziibiwi. Dropbox waliingiliwa mwaka 2012, na ilipofika 2016 ikajulikana kuwa anwani na maneno ya siri yaliyofichwa ya akaunti zaidi ya milioni 68 yalikuwa yamechukuliwa. Aliyetumia neno lilelile la siri kila mahali ndiye aliyeumia.

Ushauri wetu ni kugawa. Vitu vya kawaida viache vilipo. Vile ambavyo ukiona mtu asiyekuhusu anavisoma ungetamani ardhi ikumeze, au mtu akivipata anaweza kukuuzia kiwanja, hivyo vipeleke kwenye wingu la ufunguo wako, au vifumbe mwenyewe kabla ya kuvipandisha. Kwa watu wengi ni folda moja tu, haizidi hata GB 1.

Kuvifumba mwenyewe ndiyo kufanyaje?

Kuna njia mbili tunazowafundisha watu hapa, na zote zinakuwezesha kuendelea na Google Drive yako ileile.

Ya kwanza ni 7-Zip, programu ya bure ya Windows. Unabonyeza folda kitufe cha kulia, unachagua kuongeza kwenye kifurushi, muundo unaweka 7z, unaandika neno la siri mara mbili, halafu unaweka tiki kwenye kile kisanduku cha kufumba na majina ya faili. Wengi wanakiruka. Ukikiruka, mtu hawezi kufungua faili, lakini anasoma majina: "talaka_rasimu_ya_mwisho.pdf". Siri gani tena hapo? Njia hii inafaa kwa vitu visivyobadilika, kama vyeti.

Ya pili ni Cryptomator, ya Wajerumani, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Inatengeneza folda ya kufuli ndani ya Drive au Dropbox yako. Ukiifungua kwa neno la siri inaonekana kama diski nyingine kwenye kompyuta. Unaingiza faili, inajifumba yenyewe na kupanda. Kwenye kompyuta ni bure, kwenye simu utalipia kidogo ukitaka matumizi kamili. Kwa anayebadilisha faili kila siku, kama wakili au mhasibu, hii ndiyo.

Sasa nikuambie lililonikuta. Mwaka 2019 nilifumba folda ya mikataba ya ofisi usiku, nikiwa na haraka, kesho yake asubuhi nina basi la kwenda Singida msibani. Neno la siri nilikuwa nimelibadilisha usiku uleule, nikajisemea nitalikumbuka. Nilirudi baada ya wiki tatu. Nimejaribu majina ya watoto, namba ya nyumba, jina la marehemu, herufi kubwa, herufi ndogo. Ile folda bado ninayo, MB 740, na hainifungukii mimi wala mtu mwingine. Kila nikinunua kompyuta mpya naihamisha, sijui nangoja nini.

Kwa hiyo neno la siri niandike mahali?

Andika. Wale wanaosema usiandike popote hawajawahi kupoteza MB 740. Andika kwenye karatasi kwa kalamu, weka pale unapoweka hati halisi ya kiwanja: sandukuni, kwenye kabati la kufuli, kwa mama kijijini. Mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye sanduku la mama. Usiandike kwenye sehemu ya notisi ya simu, wala kujitumia SMS, wala kupiga picha ile karatasi. Picha hiyo itapanda kwenye Google Photos kabla hujaikunja karatasi.

Neno lenyewe liwe refu. Chukua maneno matano yasiyohusiana, yaokote ovyo: fungua kamusi, weka kidole. Kitu kama kandambili-mbuyu-hundi-tetekuwanga-pasi ni kigumu kwa mashine na chepesi kwa kichwa (hilo usilichukue, tayari tumeliandika hapa). Methali usitumie. "Habanahaba" kila mtu anaijua. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa ndilo jambo la kwanza mtu anayekufahamu atajaribu, na mara nyingi anayetaka kuingia ni mtu anayekufahamu.

Simu yangu ikiibiwa Kariakoo, nitaingiaje?

Hili ndilo linaloliza watu kuliko yote, kwa hiyo tutalikalia.

Alikuja hapa mama mmoja anayeuza vitenge. Simu imechomolewa mkobani akiwa anahesabu mzigo. Hajapaniki, maana mwanawe alimwekea kila kitu kwenye Google na uthibitishaji wa hatua mbili. Nikamketisha kwenye kompyuta, akaandika barua pepe, akaandika neno la siri, sahihi kabisa. Google ikasema: tumetuma namba kwenye simu yako. Simu gani? Iko Mbagala huko inafutwa.

"Haya mama, twende dukani tukarudishe laini, kitambulisho unacho?"

Akanyamaza. Laini ilisajiliwa kwa alama za vidole za mtoto wa dada yake, miaka hiyo ya usajili wa foleni, kwa sababu namba yake ya NIDA ilikuwa haijatoka. Huyo mtoto sasa yuko Mtwara. Ilichukua siku kumi na moja kuipata ile laini, na siku hizo zote orodha ya wadeni wake iko kwenye wingu, anaijua ilipo, haifiki.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kampuni, fanya haya. Piga *106# uone laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama laini unayopokelea namba za uthibitisho haimo, irekebishe wiki hii. Halafu ondoka kwenye kutegemea SMS. Weka programu ya kuzalisha namba kama Google Authenticator au Aegis, na uwe na njia ya pili pembeni. Google wanakupa namba kumi za akiba, kila moja ya tarakimu nane, kila moja inatumika mara moja. Ziprinti. Zikate kama tiketi za daladala, mbili weka nyuma ya kitambulisho, nyingine zipeleke kwenye lile sanduku. Mama wa vitenge leo anatembea nazo kwenye kibegi cha sidiria, na ameniambia nikiandika habari zake nisisahau hilo.

Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, inafungwa na namba inapewa mtu mwingine. Kama umehama mtandao, ondoa ile namba ya zamani kwenye akaunti zako zote. La sivyo namba zako za uthibitisho zinamfikia mgeni huko Kahama.

Mtu amenipigia, anasema ni huduma kwa wateja, anataka namba iliyoingia kwenye SMS.

Ni tapeli. Kata simu. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma unaripotiwa kwenda 15040.

Mimi huwa najitumia kwenye WhatsApp. Haitoshi?

Ujumbe wa WhatsApp unafumbwa njia nzima, kutoka simu yako hadi ya unayemtumia, hilo ni sawa. Tatizo ni ile nakala inayopanda kwenye Google Drive au iCloud kila usiku: hiyo haifumbwi kwa ufunguo wako mpaka uwashe mwenyewe. Uwezo huo umekuwepo tangu 2021, upo kwenye mipangilio ya gumzo, chini ya nakala rudufu. Waulize kumi walio karibu nawe kama wameuwasha.

Telegram wengi wanaipenda kwa sababu inabeba faili kubwa, na ile sehemu ya kujihifadhia ujumbe ni tamu kweli. Lakini mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayafumbwi njia nzima namna hiyo, na hiyo sehemu imo humo. Weka filamu. Hati ya kiwanja usiweke.

Si bora flashi tu?

Flashi ni nzuri kama nakala ya pili, ni mbaya kama nakala pekee. Hapa tuna boksi la viatu limejaa flashi zilizokufa. Nyingine zililiwa na virusi vya steshenari, nyingine zilifuliwa na suruali. Mwaka mmoja mvua ya masika ilimletea jirani yetu wa Jangwani maji mpaka kitandani: vyeti, kompyuta na diski ya nje vyote vilikuwa droo moja.

Wenye kazi hii wana kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, za aina mbili tofauti, moja iwe nje ya nyumba. Karatasi yenyewe, diski nyumbani, na wingu. Diski nayo ifumbe, kwa programu kama VeraCrypt au BitLocker, maana kibaka haulizi ndani kuna nini.

Wingu linaweza kupoteza faili zangu?

Linaweza. Usiku wa Machi 10, 2021 jengo moja la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua likateketea. Kuna wateja waliokuwa na nakala zao za akiba palepale, zikaungua pamoja. Wingu lina moto kama Kariakoo ilivyo na moto.

Mara nyingi zaidi lakini, anayefuta ni wewe. Ukisawazisha folda ya kompyuta na wingu, ukifuta kwenye kompyuta, kule nako inafutika. Google Drive inaweka kilichofutwa kwenye pipa kwa siku 30, kisha kwaheri. Halafu kuna akaunti zinazolala: tangu Desemba 2023 Google wanafuta akaunti binafsi ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili. Akaunti uliyoifungua kwa ajili ya maombi ya mkopo wa chuo ukaisahau, ingia leo uisalimie.

Intaneti ikikatika je?

Mei 12, 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja, Dar nzima ikawa inazungusha kiduara. Siku za uchaguzi wa Oktoba 2025 nako intaneti ilizimika nchi nzima kwa siku kadhaa. Kitu ambacho unaweza kukihitaji kesho asubuhi, kama bima ya mtoto au pasipoti, kiwekee alama ya kupatikana bila mtandao kwenye simu, au uwe na ile diski.

Nafasi ya bure inatosha?

Google inatoa GB 15, lakini hizo zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, na siku hizi hata nakala ya WhatsApp ya Android inakula humohumo. Zikijaa, Gmail yako inaacha kupokea barua. Tumeona mtu amekosa barua ya usaili kwa sababu ya video za kigodoro. MEGA inatoa GB 20, iCloud na OneDrive GB 5, Proton Drive GB 5, Dropbox GB 2.

Ukurasa mmoja ulioskaniwa vizuri ni kama MB 1 au pungufu. Kwa hiyo GB 5 ni maelfu ya kurasa, utaskani ukoo mzima. Kinachojaza ni picha na video, na hizo mara nyingi hazihitaji siri kali.

Na bando?

Piga hesabu kabla. Kupandisha GB 15 kwa mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde ni karibu saa saba. Na angalia: kasi wanayoitangaza ni ya kushusha, ya kupandisha mara nyingi ni ndogo. Anza na folda ya siri, ndiyo nyepesi na ndiyo muhimu. Mipangilio iweke kupandisha kwenye Wi-Fi peke yake, la sivyo bando la wiki litayeyuka kabla hujafika Ubungo.

Nalipiaje kama sina kadi ya benki?

Kadi za mtandaoni zinazotengenezwa ndani ya huduma za pesa za simu zinakubalika kwa kampuni nyingi. Tatizo ni malipo ya kila mwezi: siku ya makato kama kadi haina kitu, huduma inashuka. Kama unaweza, lipa mwaka mzima mara moja. Na ujiwekee kumbusho, maana hakuna atakayekugongea mlango.

Kuskani kwa simu ni salama?

Programu ya Google Drive ina skana ndani yake, na iPhone inayo kwenye notisi. Tumia hizo. Nyingine ni za kuangaliwa: Agosti 2019 toleo la Android la CamScanner lilikutwa na kirusi kilichoingia kupitia matangazo, Google wakaliondoa dukani kwa muda. Walisafisha wakarudi, lakini hebu fikiri, ni programu ngapi umeziruhusu zisome kitambulisho chako?

Na ukiskani kwa simu, ile picha ya kwanza inabaki kwenye albamu. Unafumba PDF kwa mbwembwe, picha imekaa uchi pembeni. Ifute, halafu ifute na kwenye pipa.

Naweza kufungua akaunti yangu kwenye kompyuta ya steshenari?

Tunaishi kwa kazi hiyo, lakini tutasema kweli. Juzi printa yetu iligoma, nikaenda kuprinti steshenari moja ya Mwenge. Nikafungua Gmail, ikafunguka ya mtu. Pembeni Drive yake iko wazi, folda imeandikwa NYARAKA kwa herufi kubwa: hati ya kiwanja cha Kigamboni, kitambulisho mbele na nyuma, barua ya talaka. Watu wanne nyuma yangu wanasubiri zamu. Nikamtoa kwenye akaunti, nikafunga. Nani alikaa pale kabla yangu, sijui.

Ukilazimika, fungua dirisha la faragha, na ukimaliza lifunge dirisha lote. Ukifika nyumbani ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, angalia orodha ya vifaa, kitoe usichokijua. Vizuri zaidi, usifungue akaunti kabisa; leta hiyo faili moja tu unayotaka kuprinti.

Nimemtumia wakili linki ya folda. Kuna shida?

Inategemea uliiwekaje. "Yeyote mwenye linki" maana yake ni yeyote, hata aliyetumiwa na karani wa wakili. Chagua kumwalika kwa barua pepe yake. Kazi ikiisha, mwondoe. Kwenye mawingu ya ufunguo wako unaweza kuiwekea linki neno la siri na tarehe ya kufa. Neno hilo mtajie kwa simu, usiliandike kwenye ujumbe uleule wenye linki.

Kampuni inaweza kuangalia picha zangu?

Zile zenye ufunguo zinaweza, na mashine zao zinakagua. Mwaka 2022 iliripotiwa habari ya baba mmoja wa San Francisco aliyepiga picha uvimbe wa sehemu za siri za mwanawe, kwa ajili ya daktari. Mashine ya Google ikaziona kama picha za udhalilishaji. Akaunti ikafungwa, barua, picha na namba yake ya simu vikaenda. Polisi walichunguza wakaona hana kosa. Akaunti hakurudishiwa.

Ukaguzi wenyewe una sababu nzuri, hatuupingi. Lakini picha za mtoto za hospitali zima upandaji wake wa moja kwa moja, mwonyeshe daktari, kisha zifute.

Na serikali?

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, ikiwa na Tume yake. Ukiwa na zahanati, shule au ofisi ya uwakili, faili za wateja si zako: unatakiwa kujisajili kwa Tume, na kuna masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Hilo kaongee nao, si na sisi.

Kwingineko, kampuni inafuata sheria za nchi yake. Marekani ina sheria ya 2018 inayoitwa CLOUD Act, inayowezesha kuzidai kampuni zake data hata ikiwa imehifadhiwa nchi nyingine. Uingereza ilipoishinikiza Apple iipe njia ya kufikia faili zilizofumbwa, Februari 2025 Apple waliiondoa Advanced Data Protection kwa wateja wa huko. Kampuni yenye ufunguo italazimika kuutoa. Isiyo nao itatoa vurugu ya herufi.

Hizo za "ufunguo wako" hazina kasoro?

Zinazo. Watafiti wa chuo cha ETH Zurich walikuta udhaifu kwenye MEGA mwaka 2022, nayo ikatoa marekebisho. Mwaka 2024 wengine wa chuo hichohicho wakaonyesha kasoro kwenye Sync na pCloud, miongoni mwa nyingine. Ndiyo maana kwa kitu nyeti kabisa tunapenda ukifumbe kwa Cryptomator kwanza, kisha ukiweke popote. Na pCloud jihadhari: ile sehemu ya ufunguo wako inalipiwa kivyake, ukinunua kifurushi cha kawaida hujaipata.

Nikifa, familia itafikaje?

Tumeona ndugu wakija na cheti cha kifo na kompyuta ya marehemu, wanataka tuifungue. Hata msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama anapata tabu kuielewesha kampuni ya California.

Google wana mpangilio wa akaunti isiyotumika: unachagua miezi 3, 6, 12 au 18 ya ukimya, na unataja hadi watu kumi watakaoarifiwa na kupewa unachotaka wapewe. Apple wanakuruhusu kutaja warithi wa akaunti hadi watano. Watahitaji ufunguo maalumu na cheti cha kifo. Kwenye mawingu ya ufunguo wako, karatasi yenye neno la siri ndiyo kila kitu. Mwonyeshe mtu mmoja bahasha ilipo. Si lazima umwambie kilichomo.

Mnaweza kunitunzia neno langu la siri hapo ofisini?

Hapana, mama. Hata ukilipa. Wiki iliyopita tumekuta bahasha ya mtu nyuma ya printa, imeandikwa "SIRI, MSIFUNGUE". Hatukuifungua. Kama ni yako, njoo uichukue kabla ya Jumamosi, tunapaka rangi.